Jina Nililoliruka Redioni

Ndugu yangu mdogo alikuwa wakili mjini Kericho, nami nilikuwa karani wake. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, basi nilipokea wateja na kuwatafsiria wazee waliogombania mipaka ya mashamba ya chai. Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilimwita Nairobi awe mkurugenzi katika redio ya taifa. Alifunga ofisi, akaniachia funguo na kalenda ya ukutani.

"Nitakuita, kaka," alisema.

Hakuniita. Nikarudi kijijini kwetu Sosiot kuchuma majani yangu ya chai. Kwenye kituo cha kuuzia majani, tukisubiri lori la kiwanda, watu walinitania. "Mzee wa redio, mwambie ndugu yako ile mvua anayotangaza ifike na huku." Nilicheka nao.

Baba alipougua, nilikwenda posta mara nyingi kumpigia ndugu yangu simu. Katibu wake alisema yuko mkutanoni. Baba akafa bila kumwona. Siku hizo kifo kilitangazwa redioni: jina la marehemu, kisha watoto wake kwa mfuatano wa kuzaliwa, kila mmoja na kazi yake. Tangazo nililiandika mimi. Nilitaja kila mtu, hata binamu wa kiwandani. Ndugu yangu nikamruka. Nilitaka asikie hivyo, kwa redio yake mwenyewe.

Na alisikia. Dada yetu aliniambia baadaye kwamba alikuwa ofisini na wafanyakazi wake, na hakuna aliyempa pole, maana hawakujua ni babake.

Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, penye ua, pamoja na wageni. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu watupe udongo kaburini, hakusogea. Nikamfuata.

"Njoo mbele. Watu wanatutazama."

"Umesahau kazi yetu, kaka? Kortini asiyeitwa hasimami."

"Hapa si kortini."

"Basi uliniita wapi?"

Aliondoka kabla ya chakula. Dada alimkimbilia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akanywa kidogo akiwa mlangoni mwa gari, akamrudishia.

Miaka ilipita, akaachishwa kazi, akabaki hukohuko Nairobi. Kisha mke wangu akafa. Safari hii jina la ndugu yangu nililiandika la kwanza, kabla hata ya watoto wangu, na mtangazaji akalisoma vizuri. Nikaweka kiti mbele, kando ya changu. Kila aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mwenyewe.

Mvua ilianza wakati wa maombi. Watu wakakimbilia turubai, mimi nikabaki hapo kando ya kiti kitupu mpaka mchungaji alipomaliza. Halafu nikakipangusa kile kiti kwa koti langu nikakirudisha kanisani, kwa kuwa kilikuwa cha kuazima.