Kibuyu Kwenye Keria

Kimaiyo alikuwa mkaidi, na nasema hivyo mimi niliyempenda. Jina langu Saad, fundi wa baiskeli hapa Bondeni, Nakuru, na mwaka wa hamsini na tano ni mimi niliyemfungia ile injini ndogo kwenye baiskeli yake. Mzungu mmoja wa Njoro alikuwa anarudi kwao, akaiuza pamoja na masanduku na mbwa. Ilikaa juu ya gurudumu la nyuma, chini ya keria. Kelele zake zilishinda nguvu zake, na kwenye mlima ilitaka kusaidiwa kwa miguu, lakini Kimaiyo aliizunguka akiitazama kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha.

Alikuwa mpakiaji kwenye kinu cha unga. Siku ya kuichukua alikuja na mkewe, Chepkemei, ambaye alikuwa ameshona mto mwekundu wa kukalia, ameushindilia sufi ya kondoo. Tuliufunga juu ya keria, akaukalia kuujaribu, akasema unamtosha. Wakanieleza mpango wao. Likizo ikifika watashika barabara kuu, Elmenteita, Gilgil, Naivasha, Mai Mahiu, wapande ile barabara iliyochongwa na mateka wa Kitaliano mpaka juu kabisa, walitazame bonde, halafu warudi. Hakuna arusi waliyoalikwa wala matanga. Njiani watalala ndani ya turubai la jeshi ambalo Kimaiyo alilipata sokoni.

"Mtalala porini na nyumba mko nayo?" nikawauliza.

"Ukioa utaelewa, Saad," Chepkemei akasema.

Nilikuwa na mke na watoto. Nilicheka, lakini jioni hiyo nilimtazama mke wangu nikajiuliza kama mimi naye tuliwahi kutamani kwenda mahali bila sababu.

Likizo haikuwakuta pamoja. Chepkemei alianza kukohoa, kikohozi kikaleta damu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa kifua huko juu ya bonde, upande wa Nairobi. Alipita njia ile ile waliyoipanga, amelazwa ndani ya gari ambalo vioo vyake vimepakwa rangi nyeupe. Kimaiyo alikuwa akilirudia jambo hilo kila alipokuja kujaza upepo. "Amepita Elmenteita na hakuona," alikuwa akisema, pampu mkononi.

Baadaye dereva mmoja wa lori alileta habari kwamba Chepkemei amekataa chakula cha hospitali. Anataka mursik, tena ya kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Kwa watu wa kwao hayo si maziwa lala ya kununua tu. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wanaouita senetwet, maziwa yakatulia humo siku nyingi, na kila mwanamke kibuyu chake kina harufu yake. Mama yake Kimaiyo, bibi aitwaye Chelagat, aliyatengeneza huko Ravine akayaleta mwenyewe. Kibuyu kilikuwa na mfuniko wa ngozi ulioshonewa shanga, kazi ya mikono ya Chepkemei alipokuwa mwari.

"Hii ni ya Chepkemei," mama akamwambia mwanawe. "Mtu asifungue mpaka afungue yeye kwa mkono yake."

Yule mama alikuwa na maana kwamba watu wa njiani wasichote. Kimaiyo alilichukua neno hilo kama kiapo. Aliomba likizo yake, akaondoka alfajiri kabla sijafungua duka, kibuyu amekifunga kwa kamba juu ya ule mto mwekundu, pale pa kukaa mkewe. Ningekuwepo ningemzuia. Mimi ni mtoto wa mjini, lakini hata mimi najua wanawake wa kwao wanavyopata siagi. Wanakitikisa kibuyu. Yeye alikiweka juu ya injini, nayo ikakitikisa na kukipasha moto tangu Nakuru.

Jioni ya kwanza alisimamisha turubai kando ya ziwa la Elmenteita. Akala ugali baridi, akawatazama heroe mpaka wakapotea gizani. Ndani ya turubai alilala upande mmoja. Aliniambia hilo bila aibu, kwamba nafasi yote ilikuwa yake na hakuweza kujinyoosha. Alitamani hata kile kikohozi, ajue kuna mtu.

Gilgil alisimamishwa na polisi. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, kila mzigo ulipekuliwa, na askari mmoja akaamuru kibuyu kifunguliwe. Kimaiyo akakataa. Wangemlaza ndani bila shaka, kama mkubwa wao, mmoja aitwaye Kipchoge, hangekitambua kibuyu cha kwao.

"Ya nani?" Kipchoge akamuuliza.

"Ya bibi yangu. Ako hospitali ya kifua."

Kipchoge aligusa zile shanga kwa kidole, akainua kizuizi. Nadhani naye alikuwa na mtu wake mbali. Hakumwambia kwamba maziwa yaliyofungwa hivyo huvimba, na Kimaiyo hakuuliza.

Pale Mai Mahiu, chini ya mlima, alisimama kwenye kibanda cha chai. Jua lilikuwa kali. Alikuwa ndiyo kwanza anapokea kikombe, mfuniko ukafyatuka kwa mlio kama wa bunduki. Watu waliokuwa wakinywa chai walijitupa chini, na mama wa chai akaingia chini ya meza na birika lake. Kimaiyo peke yake alibaki wima, maziwa yanamtiririka mgongoni. Mtu wa kwanza kuinuka alimtukana, wa pili akacheka, kisha wakacheka wote. Alipochungulia ndani aliona mabonge ya siagi yakielea kwenye maji meupe. Akaketi kwenye jiwe akalia mbele yao, naye ni mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili kwa mpigo. Kicheko kikaisha. Mama wa chai alimtafutia mfuniko kwenye majani, akaufuta kwa kanga yake.

Angeweza kurudi. Aliupanda ule mlima akisukuma baiskeli, kwa kuwa injini ilikuwa imechoka kabla yake, wala hakugeuka kulitazama bonde. Alisema hakutaka kuliona peke yake.

Hospitalini walimwonyesha Chepkemei kwenye baraza, katikati yao reli ya mbao. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki ya zamani.

"Nimekuletea maziwa," Kimaiyo akasema. "Nimeyaharibu."

Chepkemei alichungulia kibuyuni, kisha akatazama baiskeli na ule mto uliolowa, akaelewa. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, sista akaja mbio. Sista akasema maziwa ya nje hayaingii wadini hata tone.

"Si maziwa, sista," Chepkemei akasema. "Ni mafuta ya kujipaka."

Sista alinusa, akakunja uso, akaenda zake. Kumbe yangefika maziwa mazuri yangemwagwa getini. Chepkemei alichota siagi akajipaka mikono, shingo na uso, akafunika pua kwa viganja akavuta harufu ya moshi wa kwao. Alikaa hivyo kitambo kirefu.

"Ulilala wapi?" akauliza.

"Elmenteita."

"Kukoje?"

"Kuna baridi. Heroe wanapiga kelele."

"Na upande wangu uliweka nini?"

"Sikuweka kitu."

"Usiweke," akasema. Akamrudishia kibuyu, akaubakiza mfuniko. "Hiki mpelekee mama asafishe. Mfuniko nitakuja nao mimi."

Kimaiyo alirudi na kibuyu kilicho wazi, akakitundika ukutani. Mama yake alitaka kukikatia mfuniko mwingine, akamkatalia kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. Alikuwa akija kwangu kila Jumamosi nimsafishie plagi, injini iwe tayari, na ule mto aliufua akaushona upya mwenyewe, vibaya.

Mfuniko ulikuja mwaka uliofuata. Uliletwa na Khadijo, mama wa hapa hapa Bondeni aliyekuwa amepona kifua kwenye hospitali ile ile, na alimkuta Kimaiyo dukani kwangu. Alifungua ncha ya leso, shanga zikaonekana. Kimaiyo aliupokea kwa mikono miwili.

"Siku yake ya mwisho aliniambia nisimpe dereva," Khadijo akasema. "Nilete mwenyewe."

Kimaiyo akaitikia kwa kichwa. Alinigeukia akaniomba nimkazie mnyororo.

Jumamosi hiyo alikwenda Elmenteita na turubai lake, kibuyu kimefunikwa na kufungwa juu ya mto mwekundu. Aliporudi alipita dukani, nikamuuliza alilala vipi.

"Upande wangu," akasema.