Ni Mapema Mno Kutoa Maoni

Katika miaka ya sabini, mhitimu wa chuo kikuu hakujichagulia kituo cha kazi, alipangiwa. Aliyetaka kusomea shahada ya pili ya uongozi wa biashara alitarajiwa kwanza awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa. Kwa aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja ulibaki mlango mmoja mwembamba: mwajiri athibitishe, kwa taarifa ya siri, kwamba upevu wa mwombaji unafidia uzoefu alioukosa. Taarifa hiyo mwombaji hakuiona. Iliandaliwa na afisa utumishi, ikatiwa saini na meneja, ikapelekwa chuoni katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mimi nilikuwa mwandishi wa kurasa hizo, na vijana wanaoingia katika kazi hii wanastahili kujua zilivyoandikwa.

Niliripoti Iringa, makao ya kanda ya shirika la umma lililosambaza zana za kilimo, asubuhi ya baridi kali, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Afisa Utumishi Mwandamizi hakunipa kiti. Alinipeleka masjala, chumba cha mafaili, akaweka kiganja juu ya rafu.

"Ndugu, watumishi wetu wanaishi humu," alisema. "Kule nje wanatembea tu."

Kwake nilijifunza kuandika dokezo, yaani maelezo mafupi ambayo afisa huyaweka ndani ya faili kwa saini yake, na ambayo hata mkubwa wake haruhusiwi kuyaondoa. Alinifundisha pia sentensi ya tahadhari. Mtumishi asiyetimiza mwaka, awe hodari au mzembe, aliandikiwa maneno yaleyale: Ni mapema mno kutoa maoni.

"Sentensi hii haijamponza afisa yeyote," aliniambia. Niliipokea kama hekima ya kazi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Mbeya, ambako ofisi na bohari yetu zilikuwa Iyunga, kando ya barabara kuu. Huko ndiko alikopangiwa Tusekile, binti wa wakulima wa milimani, akiwa ametoka kuhitimu shahada ya biashara. Alipewa kusimamia mgao, yaani orodha ya zana zinazopelekwa kila eneo. Mwezi wake wa pili alikataa kuidhinisha shehena ya majembe ya mkono kwenda bonde la Usangu. Alipanda lori la bohari, akakaa huko siku nne, akarudi amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Familia zilizohamia bondeni kutoka kaskazini zilikuwa na ng'ombe, akaeleza; zilihitaji ncha za plau, na majembe yetu ya mwaka uliopita yalikuwa bado yamefungwa kamba. Sisi tuliokaa tawini miaka mingi hatukuwahi kuuliza.

Mwezi wa tatu alileta fomu ya chuo. Meneja wa Tawi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliisoma akiwa amesimama.

"Binti, hujajua hata choo cha ofisi kilipo, unataka ukasomee kutuongoza?"

"Choo nakijua, Ndugu Meneja. Hakina maji tangu nifike."

Karani wa masjala aliinamia faili lake ili asionekane akicheka. Meneja hakucheka. Alinikabidhi fomu, akaingia chumbani kwake.

Niliandika rasimu ya kweli. Nilieleza safari ya Usangu, nikahitimisha kwamba upevu wa mwombaji umethibitika. Meneja aliikata kwa mstari mmoja.

"Miezi mitatu, Ndugu. Unaijua sentensi yake."

"Lakini chuo kinauliza jambo hilohilo, Mzee. Tukisema ni mapema, tumemkatalia."

"Hatujamkatalia. Tumenyamaza."

Nilikuwa na haki ya kuandika dokezo la kutokubaliana naye na kuomba faili lipelekwe kanda. Nilitoa kalamu. Kisha nikakumbuka kwamba taarifa yangu mwenyewe, ya kupandishwa cheo, ilikuwa mezani kwa mtu yuleyule. Nikachapa sentensi ile, akatia saini, nikayeyusha lakiri kwa mkono wangu.

Jioni hiyo Tusekile aliningoja mlangoni.

"Kaka, siombi kujua ulichoandika. Naomba kujua kama uliandika unachokiamini."

"Niliandika kwa mujibu wa utaratibu."

"Haya," alisema. "Asante kwa kunijibu."

Nilipanda cheo mwaka huo. Nilirudi Iringa, nikakalia kiti cha aliyenifunza, nikastaafu nikiwa nimeandika taarifa nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ningependa kusema kwamba niliiacha sentensi ile tangu jioni ile ya Iyunga, lakini mafaili yangenisuta: niliwaandikia wengine wawili kabla sijaanza kuandika nilichokiona. Anayeandika juu ya mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa hana shahidi ila yeye mwenyewe, na tahadhari niliyoiita busara ilikuwa hofu iliyochapwa vizuri kwa mashine.

Ombi la Tusekile chuo kililijibu baada ya wiki sita kwamba mwajiri hakuthibitisha upevu wa mwombaji. Tusekile aliisoma barua akiwa bohari, akaikunja, akaendelea kuhesabu shehena. Hakuomba tena.