Nalongo Yupi?

Nilichagua kusomea rekodi za afya kwa sababu niliambiwa ni kazi ya kukaa ndani. Sababu nyingine sina, na anayetaka nimtungie wito kutoka mbinguni atangoja sana. Nilipomaliza sekondari, alama zangu zilikuwa za mtu aliyeipenda blanketi kuliko hesabu. Mama akaniuliza nataka kuwa nani. Nikamjibu nataka kuwa hapa, nikimaanisha kiti cha jikoni, karibu na birika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hata kuku hutoka asubuhi akaona dunia imeamkaje."

Sisi ni Wakenya wa Namuwongo. Baba alikuja Kampala kufanya kazi kiwandani, akafia huku, akatuachia Kiswahili chake na nyumba inayotetemeka treni ya mizigo ikipita. Mtu aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo hujifunza kushika kikombe kwa mikono miwili na kutotafuta misukosuko mingine. Kwa hiyo niliposikia kuna chuo upande wa Nakawa kinachofundisha watu kutunza mafaili ya wagonjwa, nikaona Mungu amenikumbuka. Faili halitapiki. Faili halikuamshi.

Mshtuko wa kwanza ulinikuta darasani. Kumbe mtunza faili lazima ajue kilichoandikwa ndani yake: mifupa, magonjwa, visababishi vya vifo, kila kimoja na namba yake ya kimataifa. Siku mwalimu alipotuonyesha picha ya ini lililooza, ili tuone ni namba gani inalifaa, nilizinduka nikiwa sakafuni, wenzangu wakinipepea na madaftari. Tangu siku hiyo wakawa wananiita Marehemu. "Marehemu, umefufuka? Njoo ule." Nilienda nikala. Aibu haijawahi kunizuia kula.

Kitu kimoja mwalimu alikirudia hadi tukakikariri kama Baba Yetu: mgonjwa akifika dirishani, muulize majina yake yote, siku aliyozaliwa, anapoishi na nani wake wa karibu. Tulifanyiana mazoezi, mmoja mgonjwa, mmoja karani. Niliona ni mchezo wa watoto. Nani asiyejua jina lake?

Kisha tukapelekwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo.

Mkuu wa chumba cha rekodi alikuwa mwanamke wa Kiganda wa makamo, mwembamba, mwenye miwani ya kuning'inia na sauti isiyopanda wala kushuka. Yeye mwenyewe alisema "lekodi", na ole wake atakayecheka. Siku ya kwanza alinitazama nilivyokaa, akasema, "Wewe kiti kimekujua mapema." Akanikabidhi ngazi. Kazi ya kukaa ndani ikawa kazi ya kupanda na kushuka, rafu baada ya rafu, vumbi puani, A mpaka mwisho wa alfabeti. Nilipofika N nilikuta rafu nzima imejaa neno moja.

Nalongo. Nalongo. Nalongo.

Hapa lazima nieleze. Nalongo si jina, ni cheo. Huku Buganda mwanamke akizaa mapacha, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa kabatini. Tangu hapo ni Nalongo kwa majirani, kwa muuza mkaa na kwa mchungaji wa kanisa. Mumewe anakuwa Salongo. Kumwita vinginevyo ni kumvunjia heshima yeye na watoto. Basi mama wa mapacha akifika dirishani akaulizwa jina, anasema Nalongo, na karani aliyelelewa vizuri anaandika Nalongo. Kumwuliza "na jina lako hasa?" ni kama kumwambia baba mkwe avue kofia uone kama ana upara.

Mimi niliyajua hayo vizuri, maana dada yangu ni Nalongo. Hatuna hata tone la damu ya Kiganda, lakini alipojifungua, majirani wa Namuwongo hawakutuomba ruhusa. Walikuja na ngoma na vigelegele wakamvika cheo, naye akakipokea kama mtu aliyekuwa akikingoja tangu utotoni. Siku hizi nikimwita kwa jina la nyumbani haitiki. "Huyo unayemwita alihama," hunijibu.

Ikawa, nikiwa bado kwenye mafunzo, dada akapata uvimbe kwenye titi. Alikuja hospitali hiyohiyo, wakaukata, wakaupeleka maabara, akaambiwa angoje. Mimi sikuuliza zaidi. Kwetu kifua cha dada yako ni nchi ya kigeni, huendi bila pasipoti. Nilichofanya ni kuwabeba mapacha, mmoja kila upande, huku dada akinisimamia na bendeji yake. "Wainue vizuri. Hao si mafaili."

Majibu yalipotoka alikwenda peke yake. Alirudi mchana, akapita bila kusalimu, akakaa kwenye kiti changu.

"Ni saratani," akasema, kama mtu anayesema mvua imeanza.

Mama alikuwa na mwiko mkononi. Aliendelea kuusonga ugali hewani, juu ya sufuria, bila kuugusa. Mimi nilitaka kusema jambo la maana, jambo la mwanaume, na kilichotoka kinywani ni, "Utakunywa chai?"

Dada alinitazama, akacheka kicheko kifupi. "Nitakuachia mapacha. Wewe si unapenda kukaa nyumbani?"

Hapo ndipo mama alipoanza kulia.

Asubuhi yake nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani, kwa mara ya kwanza, kulikuwa hakukaliki. Mkuu wa rekodi aliniona nimesimama mbele ya rafu bila kugusa kitu.

"Umefiwa?"

"Bado," nikasema, na neno lenyewe likanichoma. Nikamweleza.

"Bambi," akasema, pole ya Kiganda, na alimaanisha. Kisha akauliza, "Dada yako anaitwa nani?"

"Nalongo."

Aliiweka chini bilauri yake ya chai. "Nalongo yupi?"

Sikumwelewa. Alikwishasimama, ameivaa miwani, anavuta mafaili ya N na kuyatupa mezani kama anayechambua mchele. Akabakiza mawili. Nalongo na Nalongo. Wote walikatwa uvimbe wa titi, kliniki moja, wiki moja. Palipoandikwa umri, wote wawili ni "mtu mzima"; upande wa titi haukuandikwa kabisa. Mmoja anaishi Namuwongo, mwingine Kalerwe. Na karatasi za maabara, zilizorudi pamoja, ziliandikwa neno hilohilo juu, basi. Mtu fulani alizigawa, hii huku, hii kule, kama anavyogawa vipeperushi vya kanisani.

"Hii mbaya inasema titi la kushoto," akasema. "Dada yako alikatwa lipi?"

Nilifungua kinywa. Nchi ya kigeni. "Sijui."

"Mpigie simu."

"Nimuulize hilo?"

"Hapana, muulize bei ya vitunguu. Piga!"

Nikapiga.

"Dada."

"Sema."

"Samahani. Titi lako."

"Titi langu limefanya nini tena?"

"Ni lipi?"

"Wewe mtoto, umekunywa nini asubuhi hii?"

"La kulia au la kushoto? Dada, nakuomba."

"La kulia. Na wewe mbona unalia?"

Sikujua kama nalia. Nilikata simu, nikamkumbatia mkuu wa rekodi, mwanamke ambaye sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumkumbatia kazini. Niliruka. Mimi, ambaye hata kwenye harusi sichezi, niliruka mpaka ngazi ikaanguka. Ilinichukua muda kuona kwamba narukaruka peke yangu. Yeye alikuwa ameweka kidole juu ya faili la pili.

"Na huyu," akasema, "tulimwambia yuko sawa. Aende nyumbani."

Nimeshtuka mara nyingi maishani, mimi ni mtu wa kushtushwa na mlango. Lakini ule mshtuko haukuwa wa moyo kupiga kasi. Ulikuwa wa kila kitu kunyamaza. Furaha yangu ilikuwa bado iko mwilini, miguu bado ya moto kwa kuruka, na kumbe nilikuwa nimeruka juu ya mtu.

Daktari alikuja. Akalinganisha namba za vipimo na maabara, akarudia, akakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi. "Apatikane," akasema. "Hii haingoji."

Simu ya huyo Nalongo wa pili haikupatikana. Anwani ilikuwa neno moja: Kalerwe.

"Utakwenda wewe," mkuu wa rekodi akaniambia. "Mimi nikionekana na koti hili jeupe, soko zima litajua kabla yake. Na ukimpata, mwambie daktari anamwita. Basi. Habari ni yake, si ya soko, na si yako."

Hivyo ndivyo mwana wa jikoni alivyojikuta nyuma ya bodaboda, anavuka jiji zima, macho amefumba. Kalerwe ilinipokea kwa kelele, kabichi zilizorundikwa mpaka barabarani, tope, mikungu ya matoke ikipita vichwani mwa watu. Nilimsogelea muuza nyanya wa kwanza.

"Shikamoo mama. Namtafuta Nalongo."

"Nalongo gani, ssebo?" Alikuwa akikipiga Kiswahili chetu cha Kampala, kile cha kufika haraka. "Hapa Nalongo iko mingi. Wewe nataka Nalongo ya nyanya? Mimi. Nalongo ya kuku? Ile pale. Nalongo!"

"Wangi!" wakaitika, huku na huku, kama darasa. Vichwa vikageuka nyuma ya vitunguu, nyuma ya samaki wakavu, juu ya magunia ya maharagwe. Niliona sura zao zote zikinitazama kwa furaha, na nikahisi baridi, maana mmoja wao alikuwa na kitu ndani yake nami ndiye niliyekijua.

"Anatafuta mke," akasema wa kuku.

"Aliyekwisha kuzaa mapacha? Kijana mvivu huyu, anataka kukuta kazi imefanywa!"

Walicheka. Siku nyingine ningecheka nao. Walikuwa wamenijua haraka kuliko walimu wangu. Nikasema kwa sauti ya chini, "Yule aliyekuwa hospitali majuzi." Hata hilo niliona ni kusema mno.

"Aa, Nalongo ya ovakedo! Ile Mungu alimsaidia."

Alikuwa amekaa mwisho wa safu, mwanamke mnene mwenye uso mwangavu, amevaa gomesi ya kijani, lile gauni la Kiganda la mabega yaliyochongoka, maparachichi yamepangwa mbele yake kama piramidi. Nilipomwambia natoka hospitalini alipiga makofi.

"Musawo wangu, yule daktari, amekutuma? Mwambie nashukuru! Mwambie nimelala, nimekula. Wiki nzima nilikuwa nikichagua wimbo wa mazishi, kumbe ni uvimbe wa bure!" Akachagua parachichi kubwa kuliko yote, akalibonyeza shingoni kujua limeiva, akaniwekea mikononi. "Mpelekee."

"Mama, daktari anaomba uje. Leo."

"Leo sokoni kuna watu. Nitakuja wiki ijayo."

"Leo, Nalongo. Tafadhali."

Akanitazama. "Wewe ni musawo?"

"Hapana. Mimi ni wa mafaili."

"Wa mafaili!" Mabega yake yakashuka, akatabasamu. "Ah, basi ni mambo ya karatasi."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi, jepesi, la heshima hata. Nilichosema ni, "Karatasi zilichanganyika. Mlikuwa wawili, Nalongo na Nalongo."

Alikuwa akipanga upya piramidi lake mahali lilipotolewa parachichi langu. Mkono ukasimama.

"Huyo mwingine," akauliza polepole, "anaendeleaje?"

Sikufundishwa jibu la swali hilo. Mwalimu alitufundisha siri ya mgonjwa, na wagonjwa walikuwa wawili, na kila jibu lilikuwa la wote wawili. Nikainamisha macho kwenye parachichi. Nilidhani kunyamaza ni kutunza siri. Nilipoinua uso, nikaona kwamba kunyamaza kwangu kumemwambia kila kitu, na kwamba angesomeka hata na mtoto: midomo imefunguka kidogo, macho yananitazama lakini hayanioni.

"Ni mtu wako?" akauliza.

"Ni dada yangu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Mungu ashukuriwe kwa ajili ya mama yenu," akasema. Alilisema kwa dhati. Mpaka leo sijui alilitoa wapi.

Kisha akavuta gunia akayafunika maparachichi yake, akamwita wa kuku amwangalizie, akamwonya asiyaache yaliyoiva juani. Akajifunga upya mshipi wa gomesi, akaukaza. Tuliondoka, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake, tukiipita ile safu ndefu ya wanawake.

"Nalongo, mbona mapema? Kijana ameshinda?"

"Wee Nalongo! Unakwenda wapi?"

Hakugeuka. "Naenda kuwaambia jina langu," akasema.