Sura Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Siku za mwisho za Ramadhani nyumba yetu hapa Usagara hunuka ndimu. Mama mkwe wangu hutoa kila kitu cha shaba alichonacho, sinia la harusi yake, mrashi, chetezo, birika ambalo halijachemsha maji tangu nimeolewa, akakaa uani kwenye mkeka na majivu yake ndani ya kifuu. Anakata ndimu, anachovya kumbi la nazi, anasugua. Hataki msaada. Idi ikifika, mgeni anaweza kujitazama kwenye lile sinia akafunga ushungi wake vizuri. Sikuwahi kumwingilia. Shaba zake ni zake, na mimi nilikuwa na zangu.

Zangu zilikuwa sarafu. Za Warumi wa kale, ndogo, nyingine hazifiki upana wa kifungo cha koti, zina ukijani kama mkate uliota kuvu. Karibu zote zina sura ya mtoto mmoja. Usicheke. Watu wameshacheka vya kutosha. Mtaani waliniita Mama Chakavu, na kijana wa vyuma chakavu akipita na mzani wake majirani humwambia, "Usipite hapo, utamkuta mwenzio."

Babu mzaa mama alikuwa mpishi wa Mgiriki mwenye shamba la mkonge, upande wa Mwera. Yule Mgiriki alikusanya hela za mtoto huyo tu, akazipanga kwenye kisanduku chenye bitana ya buluu. Siku moja alimweleza babu ni nani. Baba yake alikuwa mfalme wa Rumi, akamvika na yeye ufalme angali mdogo, ili watu waone kiti kina mrithi, na akaipiga sura yake kwenye hela. Baba alipopinduliwa, wakamuua na mtoto. Basi. Hakupigana vita, hakujenga hata choo, ndevu hazijamwota. Mgiriki alipoondoka nchini aliacha vitanda, sahani na kile kisanduku, na watu wa kambini wakagawana. Babu alipata chache. Alinipa nilipokuwa kidato cha pili, kwa sababu katika wajukuu wote ni mimi peke yangu niliyeuliza mtoto yule aliitwa nani.

Tangu hapo nikawa nazitafuta zilizobaki. Niliingia kwenye nyumba za watu waliokuwa manamba, wengine wazee kabisa, wengine wamebaki watoto wao, Wakatoliki na Walutheri ambao wazazi wao walitoka bara kuja kukata mkonge. Moja niliikuta imetobolewa na kufungwa kwenye baiskeli badala ya washa ya nati. Moja ilikuwa kiunoni mwa mtoto, imeshonewa kitambaa cheusi, kinga ya degedege. Hiyo sikuiomba, nina akili. Nyingine, bibi mmoja alikuwa anakwangulia ukoko wa ugali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama Chakavu, umerudi? Nilikwambia sufuria langu litalia."

"Nimekuletea kijiko cha chuma, bibi. Hiki kinakwangua kuliko hiyo."

"Na hiki kidude unakipeleka wapi? Kina jini?"

"Kina mtoto."

"Haya chukua mtoto wako. Lakini akilia usiku usimrudishe kwangu."

Nilicheka njia nzima. Siku hizo nilikuwa nacheka.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyezipenda. Alizimwaga mkekani, akazipanga mstari, akazilisha punje za wali moja moja. Aliyemchagua ni mmoja tu: kwenye sarafu hiyo sura ilikuwa imebaki nzima, shavu limejaa, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuuliza swali, sikio limejitokeza. Alimwita Kaka. Alikuwa anavuta sikio lake mwenyewe mbele, ananiuliza, "Mama, tumefanana?"

"Nyote masikio ya popo."

"Kaka, mama anatutukana!"

Alikufa akiwa anangoja kuanza darasa la kwanza. Homa ilipanda asubuhi, jioni hatunaye. Sielezi zaidi ya hapo, na sitaki kuambiwa kazi ya Mungu haina makosa, nimeambiwa na kila aliyekula pilau ya hitima. Aliyemwosha ni mama mkwe, yeye na shangazi wa mume wangu. Mimi nilishikwa chumba cha pili. Nilisikia maji yakimwagwa, nikamsikia akisema, "Geuza, geuza taratibu," kwa sauti ileile aliyokuwa akimwogeshea akiwa mchanga.

Ukutani kwetu hakuna picha. Mama mkwe anasema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha ya kiumbe. Mwanangu akiwa hai niliwahi kutaka kuchapisha moja tu, niiweke hata ndani ya kabati. Mume wangu akasema tusimkere mama, picha si zipo kwenye simu? Zilikuwepo. Watu wa Tanga hawajamaliza kuja na mikono ya pole, simu ikazima. Nikaipeleka kwa fundi. Alinirudishia inawaka, tupu kama ilivyotoka dukani. Ilibidi aiflashi, alisema. Nilipoanza kupiga kelele akanishangaa kweli kweli. "Dada, si inawaka lakini?"

Kwa hiyo nikabaki na Kaka. Sikusema ni mwanangu. Sina wazimu. Lakini sura ya mtu inakwenda, nyie mlio na picha hamjui. Inaanza kwenda pua, halafu hujui meno yalikaaje. Nilikuwa naitoa ile sarafu, naitazama lile sikio, na kutoka kwenye sikio shavu lake linarudi, linarudi jicho, anarudi mzima kwa muda kidogo. Nilimwonea wivu yule mfalme wa Rumi. Aliuawa, sawa, lakini alikuwa ameipiga sura ya mwanawe kwenye shaba mara nyingi mpaka nyingine ikafika kwa bibi mkwangua ukoko. Mimi sina hata moja.

Wakusanyaji wa ng'ambo niliowapata mtandaoni walinikemea tangu mwanzo kuhusu usafi. Usitie sabuni, usitie ndimu, usisugue kwa kitu chochote. Walinieleza kwamba shaba ya kale imeliwa ndani, na sura haimo tena kwenye shaba yenyewe, imeshikwa na lile ganda la kijani. Ukiondoa ganda umeondoa mtu. Nilimwambia mume wangu. Akacheka: "Yaani hata kutu siku hizi inalelewa?"

Ramadhani iliyopita nilikwenda sokoni kumtafutia binti yangu mdogo gauni la Idi. Narudi, nasikia harufu ya ndimu tangu mlangoni. Uani sinia linang'aa, birika linang'aa. Pembeni ametandika kanga, na juu ya kanga vitu vidogo vidogo vinawaka jua, vyekundu, vya njano, vizuri kama vipande vya dhahabu. Kopo langu la biskuti, nililowekea sarafu, limefunikwa chini, limeoshwa nalo.

"Mwanangu, njoo uone!" Mama mkwe alikuwa amechoka, jasho linamtiririka, na koo kavu kwa saumu. Anafurahi. "Masikini, zilikuwa chafu! Nikasema, huyu kila siku namsikia na mumewe kutu, kutu, Idi hii nami nimfurahishe. Tazama. Zingine zilikuwa ngumu, nimezilaza kwenye ndimu tangu alfajiri."

Nilipiga magoti. Nikaokota moja, nikaigeuza. Nikaokota nyingine. Laini. Zote laini kama vifungo. Hapa pana uvimbe ambao labda ulikuwa bega, pale pana mkwaruzo. Hakuna pua, hakuna mdomo.

"Ile ya sikio iko wapi?"

"Zote zipo. Hesabu, sijapoteza hata moja."

"Ile ya sikio, mama!"

"Ya sikio gani, mwanangu?"

Nilimpigia kelele mama wa mume wangu mchana wa Ramadhani, majirani wakisikiliza ukutani. Sijuti na siombi radhi hapa. Nilimwambia, "Ulimwosha mara ya kwanza nikanyamaza. Leo umemwosha tena, na sasa hayupo kabisa!"

Kumbi likamdondoka. Alitazama mikono yake, ina majivu mpaka kwenye viwiko. 

Mume wangu akatoka ndani. "Mke wangu, jamani. Mama kafanya kwa nia njema."

"Nia njema ndiyo iliyonimaliza kwenye nyumba hii. Picha, nia njema. Simu, nia njema. Kuna mtu mmoja humu atakayenifanyia ubaya, ili nami nipate wa kumchukia?"

 Na kweli hakuwepo. Hasira yangu yote na haina pa kukaa. Ningemchukia vipi mwanamke aliyesugua akiwa na njaa ili nicheke?

Idi ikaja. Wageni wakasifu sinia. Nilipika, nikapakua, nikasema Idi mubarak kwa kila aliyeingia. Sarafu hazikuonekana sebuleni. Mama mkwe alikuwa amezifunga kwenye leso akaondoka nazo chumbani kwake, na mimi sikuuliza. Zingekuwa za nini?

Asubuhi ya baada ya Idi nilitoka kuwasha jiko. Nikamkuta uani, kavaa miwani, amegeuza kinu chini juu na sarafu moja iko juu ya kitako chake. Mkono mmoja ameibana kwa kidole, mwingine ameshika msumari. Anakwaruza. Mwanamke ambaye hakuruhusu hata kalenda yenye picha ya ng'ombe, anakwaruza jicho.

Sikumsalimia. Yeye ndiye aliyeanza, bila kuinua kichwa.

"Pua naiweza," alisema. "Shavu najua, nimeliosha. Nieleze sikio. Ni hii, au nimekosea sarafu?"

Nikachukua ile sarafu mkononi. Alikuwa ameweka jicho la samaki na mstari mmoja wa pua. Hafanani na mtoto wa mfalme wala wa mtu yeyote. Nikamwambia sijui kama ni hii. Zote zimekuwa moja.

"Basi tuchukue hii. Alikuwa anatazama wapi? Kulia au kushoto?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilimtazama kila siku tangu msiba, nilimtazama asubuhi kabla ya kunawa uso. Nikasimama pale na shaba kwenye kiganja, jiko halijawashwa, binti yangu ananiitia chai, na mama mkwe ameinua msumari ananingoja.

Sikumbuki alikuwa anatazama wapi.