Pole na Shamba

Kichwa cha baba kilikuwa kidogo kuliko changu. Nimelijua hilo kwa maumivu, maana kinyago alichokichezea ujana wake wote ndicho ninachokivaa mimi sasa, na kila nikikivaa masikio yananikumbusha kwamba kichwa nimerithi kwa wajomba zangu wa Masasi, watu ambao kofia za dukani haziwatoshi. Kukivaa kunataka mtu mmoja wa kusukuma. Kukivua kunataka watu wawili, na kichaka kisicho na mwanamke karibu.

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu Newala, anayetoka na kinyago kichwani, mwili mzima umeshonewa nguo hata kidole kisionekane, njuga miguuni, huyo si mtu. Tunamwita lipiko. Ni marehemu aliyetoka ardhini kuja kucheza na walio hai, na akimaliza atarudi huko huko. Ndivyo wanawake na watoto wanavyoambiwa, na sisi tuliopita jandoni tumeapa kutosema vingine. Mke wangu sijamwambia. Mama yangu sikumwambia. Siku ya kwenda kucheza naaga vile vile alivyokuwa akiaga baba: nakwenda shamba.

Kila kiangazi, mihogo ikiwa imevunwa na mikorosho bado inachanua, wilaya inafanya tamasha kwenye uwanja wa mpira. Ngoma na vyakula vya asili, ndivyo bango linavyosema. Mimi hulipenda tamasha hilo kupita Krismasi. Napenda asubuhi yake yenye baridi na upepo, watu wamejifunga kanga mabegani, moshi wa majiko umelala chini kama hautaki kuamka. Napenda ming'oko ya Mkunya, vile viazi vyembamba vya porini, ikichemshwa kwenye masufuria yaliyofunikwa majani, unaimenya inakuunguza na huachi. Napenda panya wa kuchoma waliopangwa kwenye vijiti, na watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine wanaozunguka mara tatu kabla ya kukata shauri. Wachongaji wanapanga kazi zao juu ya maturubai. Wapiga ngoma wa Kitangari wanawasha moto wa majani makavu na kuzikausha ngoma zao mpaka ngozi ikaze, wakizigonga kwa kidole na kuzisikiliza. Katika mwaka mzima hakuna siku nyingine ninayojisikia kuwa mtu wa mahali fulani.

Mwaka huu mama alipiga simu kutoka Masasi. Mama ni Mmakua wa familia ya kanisa, baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na alipoolewa huku juu ndugu zake walisema amekwenda kuishi na watu wasio na maji. Hawakukosea, sisi wa huku mlimani maji tunayafuata bondeni. Baba alipofariki alirudi kwao, na tangu hapo hakukanyaga tamashani. Sasa alikuwa anakuja na akina mama wa kanisani kwake, wamekodi gari, watapika na kuuza.

"Nataka tule pamoja pale uwanjani, mimi na wewe, kama watu," aliniambia. "Nitakupikia kisamvu cha korosho. Gari letu linashuka saa tisa, halingoji mtu. Na siku hiyo, mwanangu, usiwe na shamba."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe, kwa sababu nilikuwa nimeiona ratiba. Lipiko afungue tamasha saa tatu asubuhi, mgeni rasmi azindue, saa nne nimeshavuliwa, saa sita niko na mama na sahani yangu. Mtu mzima, mwenye akili zake, mzaliwa wa nchi hii, nikaamini ratiba yenye mgeni rasmi ndani yake.

Saa mbili baba mdogo alinishonea nguo kichakani. Yeye ni mdogo wake baba, ndiye mlinzi wa kinyago, na hushona kwa sindano ya magunia kana kwamba anafunga korosho za kupeleka mnadani. Akanisukuma kinyago kichwani, masikio yakalia, akakaza kamba shingoni. Dunia ikabaki upana wa mdomo wa kile kinyago, maana lipiko huona kwa kinywa. Tukatoka.

Mgeni rasmi hakuwepo. Mshereheshaji akatangaza kwamba yuko njiani, amepita Ndanda, tuwe watulivu. Tukawekwa kusubiri pembeni ya jukwaa, katikati ya meza za wachongaji na majiko ya vyakula. Na hapo ndipo nilipofungwa hasa. Lipiko akishatoka hawezi kurudi kichakani bila kucheza. Marehemu hafufuki akaghairi. Hakai, hanywi, haongei. Husimama. Baridi ya asubuhi ilikwisha, jua likapanda, jasho likaanza kunichuruzika ndani ya zile nguo mpaka kwenye soksi. Vijana wakawa wanakuja kujipiga picha na mimi, vidole viwili hewani. Mshereheshaji akaniita "msanii wetu" kwenye kipaza sauti, wazee wakaguna, na mimi humo ndani nikaguna nao kimoyomoyo.

Mama nilimtambua kwa mikono. Kupitia kile kitundu niliona meza, sufuria, na vidole vyenye makovu meusi ya mafuta ya maganda ya korosho, makovu ninayoyajua tangu nikiwa sijui kusema. Alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Alikuwa anaunga kisamvu. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na sina la kuulaumu upepo, lakini harufu ile ya korosho zilizotwangwa ilipoingia kwa mdomo wa kinyago na kukosa pa kutokea, nilitaka kulia.

Saa sita alipakua. Akaweka chakula kwenye hotpoti, akafunika, akaifunga kwa kitambaa. Kisha akamfuata baba mdogo.

"Shemeji, mwanao yuko wapi?"

"Yuko shamba, shemeji. Anapuliza dawa mikorosho."

"Leo?"

"Ugonjwa wa mikorosho haujui tamasha, shemeji."

Niliona kitambaa cha hotpoti kikikazwa upya, fundo juu ya fundo. Nilikuwa na hasira na baba mdogo, na mgeni rasmi, na kamba, na baba aliyeniachia kichwa cha mti kisichonitosha. Neno moja tu lingetosha. "Mama." Lakini nyuma yangu walisimama wanaume wote walionitoa jandoni, na mbele yangu wanawake na watoto wa nusu ya Newala, na mimi ni marehemu. Marehemu hana mama.

Saa saba ikapita. Mama alikuwa anahudumia wateja, lakini kila mtu mrefu aliyepita alimwinulia uso. Saa nane kasoro ndipo gari la mgeni rasmi likaingia na vumbi lake. Akahutubia. Akasema utamaduni ni utambulisho wetu. Akasema mengine, na mimi nikawa nahesabu njuga zangu nisianguke. Hatimaye ngoma zikaangushwa.

Kuna kitu baba alikuwa anakifanya alipocheza, baba mdogo ndiye aliyenifundisha kwa miezi mingi mpaka nikakipata. Katikati ya kasi, ngoma zikiwa zimewaka, anasimama ghafla. Anainamisha kichwa upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza aliyeko chini ya ardhi. Anangoja. Kisha bega moja linatikisika, peke yake, halafu ndipo mwili mzima unafuata. Hakuna lipiko mwingine anayecheza hivyo. Nilipofanya, vigelegele vilipasuka uwanja mzima, na pamoja na njaa yangu yote nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi hata nikasahau masikio.

Ni desturi wanawake kumchokoza lipiko. Wanamkimbilia, wanampepea kwa kanga, wanapiga kelele na kukimbia kama kuku. Nilipofanya ile ya baba mara ya pili, nikaona mmoja anakuja bila kukimbia. Niliona miguu, ndala, upindo wa kitenge cha kanisani, na hotpoti. Wapiga ngoma nao wakapunguza, sijui kwa nini. Mama akasimama mbele ya kinywa cha kinyago.

"Kumbe umerudi," akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeongea na mumewe mlangoni.

"Umechelewa. Umeniacha, nikarudi kwa kaka zangu, nikazeeka, ndiyo unakuja. Nimekujua kwa hilo bega. Nilikujua tangu nikiwa bibi harusi, ulipokuwa unaniaga asubuhi unakwenda shamba, na jembe umelisahau nyuma ya mlango. Mimi nachukua ndoo nashuka bondeni, kwa sababu najua jioni utarudi na jasho la siku nzima. Kile kilima nakijua kwa magoti yangu. Unaoga maji yangu, unakula, unaniambia shamba lilikuwa na kazi. Nakwambia pole na shamba."

Watu wa karibu walicheka, wakidhani ni uchokozi wa desturi. Mama naye akacheka kidogo.

"Sikutaka siri yenu. Niende nayo wapi? Nilitaka uniambie mara moja tu, usiku tukiwa wawili, nicheke na mimi. Mpaka siku ya mwisho nimekaa pembeni ya kitanda chako nikangoja. Ukaniuliza kama mikorosho imepaliliwa."

Hayo hayakuwa maneno ya mtoto kusikia. Ningekuwa na miguu yangu ningeondoka, ningekuwa na mikono yangu ningeziba masikio, lakini masikio yalikuwa yameshikwa na kichwa cha baba, na baba alikuwa anaambiwa. Nilisimama vile vile nimeinamisha kichwa kushoto, kwa sababu mwili ulikuwa umesahau namna ya kukiinua. Baba angejibu nini? Sijui. Nilichojua ni kwamba kama ningetoa pumzi kwa nguvu, angesikia ni pumzi ya nani.

Akainama, akaweka hotpoti miguuni pangu.

"Hiki nilimpikia mwanangu," akasema. "Yuko shamba. Kula wewe."

Akaondoka. Ngoma zikarudi na mimi nikacheza, nadhani nilicheza vizuri, watu wanasema hivyo. Kichakani, wakati watu wawili wakinivuta kinyago na mimi nikipiga kelele, baba mdogo alikuwa ameshafungua yale mafundo. Chakula anachopewa lipiko ni cha walinzi wake, hiyo ni sheria na haina mjadala. Alikula kisamvu changu chote kwa ugali wa muhogo, akalamba vidole, akasema shemeji yake hajapoteza mkono. Nilivaa shati na kukimbia.

Gari lilikuwa bado halijaondoka. Akina mama wa kanisani walikuwa wamenunua ming'oko kama vile Masasi kuna njaa, na kondakta alikuwa anagombana nao kuhusu magunia. Mama alikaa dirishani. Aliponiona akashuka, akiwa na chupa kubwa ya maji mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Chakula chako nimempa mgeni." Akaniangalia tangu kichwani hadi miguuni, viatu vimevaliwa cha kushoto mguu wa kulia, bila soksi. "Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Aliuliza taratibu. Hakukuwa na hasira ndani yake. Dereva alikuwa anapiga honi, lakini mama alisimama kama mtu mwenye siku nzima, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, uso wa mtu anayeshikilia mlango wazi. Nilijua anachokitaka. Kati ya wanaume wote walio hai mimi peke yangu ndiye niliyejua, maana nilikuwa nimekisikia kwa masikio yangu muda si mrefu uliopita. Ningemwinamia tu nikamnong'oneza. Angecheka. Tungecheka wote wawili mpaka kondakta atuache.

Nikafungua kinywa. Baba mdogo alikuwa amefika, amesimama upande wa pili wa barabara, hotpoti tupu mkononi, amekuja kumrudishia shemeji yake chombo. Alikuwa ananitazama tu.

"Shamba, mama," nikasema.

Uso wake haukubadilika sana. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubali bei. Kisha akanishika bega, akaniinamisha pale pale barabarani mbele ya wanawake wote wa kanisani, akafungua ile chupa na kunimwagia maji shingoni, pale kamba ilipokuwa imenichuna. Aliosha kwa vidole vyake vyenye makovu, taratibu, hakuruka hata mchubuko mmoja, mpaka maji yakaisha.

"Pole na shamba," akasema.