Kibali Kilichoishia Juni Thelathini

Nilikosea, ndugu zangu, tena nilikosea macho yangu yakiona. Siwezi kusema shetani alinipitia. Nilijua! Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kompyuta Ifakara, kwenye ofisi ya shamba moja kubwa la mpunga. Kompyuta ilikuwa moja tu, tunaifunika kitambaa cha kufumwa, na ukiingia chumbani kwake unavua viatu. Nilikuwa nimesoma kozi Morogoro, basi watu wakaniita mtaalamu. Na mimi nikavimba kichwa!

Kazi yangu ilikuwa vibali vya matibabu. Mfanyakazi au mtoto wake akiwa na ugonjwa wa kudumu, naingiza jina lake kwenye fomu ya kompyuta, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kila mwezi nachapa orodha, inapelekwa zahanati ya kampuni, ng'ambo ya uwanja. Jina lipo, unapewa dawa. Jina halipo, unarudi nyumbani.

Siku moja mhasibu mkuu akaniita. "Gharama za mwaka mmoja zinaingia mwaka mwingine, sitaki. Mwaka wetu wa fedha unafungwa Juni thelathini. Kibali kikivuka hapo, kompyuta ikikate vipande viwili. Cha kwanza kiishe Juni thelathini, cha pili kianze Julai mosi. Unaweza?"

"Naweza, mzee."

Kukata, ilikata vizuri. Lakini kila ilipotaka kuhifadhi kile kipande cha pili ilitoa ujumbe wa kosa na kusimama. Vipande vyote viwili vilibeba namba moja ya kibali, na kompyuta haikubali namba ijirudie. Ilitakiwa nikipe kila kipande namba yake. Kazi ya siku chache tu!

Mhasibu akawa anasimama nyuma ya kiti changu. "Mbona inagomagoma? Wageni wa Dar wanakuja kuiona!"

Nikaona aibu. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: ukikuta kosa, usiseme, endelea. Ujumbe ukatoweka. Mhasibu akanipiga bega. "Safi sana, kijana!"

Vile vipande vya pili havikuhifadhiwa hata kimoja. Nikajiambia nitarekebisha kabla ya Julai. Mei ikapita. Juni orodha ikatoka imekamilika, kila mtu akapata dawa yake, hakuna aliyelalamika. Ila mimi kila nikiinua macho naiona kalenda ukutani. Mwisho nikahamisha kiti nisiione.

Julai ikaingia.

Sasa, kulikuwa na Mzee Kanuti, dereva wa trekta, mtu wa kwetu Mahenge. Ndiye aliyenipokea nilipofika mjini. Nilikula kwake Katindiuka mpaka nikapata chumba Lipangalala. Binti yake Generosa alikuwa na kifafa. Kwa vidonge vya kila siku alikaa muda mrefu bila kuanguka, akawa fundi cherehani anayesifika.

Asubuhi moja akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Generosa."

"Zahanati wanasema jina langu halipo, eti kibali kimeisha Juni. Lakini baba alisema ni mpaka Krismasi."

Nyuma yangu wageni wa Dar walikuwa wameizunguka kompyuta, mhasibu anawaonyesha. Ningetamka neno moja tu, wangejua.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko shambani, wanavuna. Kaka, nimebakiza vidonge vya kesho tu. Daktari alinikataza kabisa kuviacha ghafla."

Ningeweza kumshika mkono, nikavuka naye uwanja, nikasema jina limepotea kwa kosa langu. Nilimwambiaje? Ee Mungu wangu!

"Mashine inarekebishwa. Njoo wiki ijayo."

"Haya kaka, asante."

Akanishukuru!

Wiki yenyewe haikuisha. Generosa alikuwa peke yake jikoni anachemsha maharage, kifafa kikamwangusha motoni. Jirani alipoingia alikuta mkono wake wa kulia uko kwenye makaa. Alipona, lakini vidole vilishikana.

Lawama zikamwangukia Masanja, karani wa zahanati, kwamba alimfukuza mgonjwa. Nilikuwepo kwenye kikao. Masanja akajitetea, "Mimi nilifuata orodha!" Wakamwachisha kazi. Nami nikatazama meza! Wiki ile ile nikarekebisha programu kimyakimya, na majina yote yakarudi.

Nilipokwenda hospitali kumwona Generosa, Mzee Kanuti alinikumbatia. "Wewe ni mwanangu," akasema. Tangu hapo chakula kilinikataa. Nikaanza kukwepa njia ya Katindiuka, nikimwona mtu wa trekta kwa mbali najificha. Miezi ikapita hivyo, mpaka nikashindwa, nikaenda nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alipokuja dirishani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Akaita ndani, "Generosa! Njoo usikie." Kisha akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Generosa alisimama, mkono ameufunika kwa khanga. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Kaka, siku ile nilirudi nyumbani nikawaambia wa nyumbani wasiwe na wasiwasi, mimi nina mtu wangu ofisini."

Wakaingia ndani, wakafunga mlango.

Kesho yake nilimweleza mhasibu. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo, na sikuona ubaya. Nikamtafuta Masanja, nikaambiwa alisharudi kwao Usukumani na wanawe. Sijampata mpaka leo.

Wewe unayekaa mbele ya mashine, unayeogopa kuumbuka mbele ya bosi, nakuomba, umbuka! Umbuka leo, tena mbele ya wageni wote. Mimi nilikimbia aibu ya asubuhi moja, na binti wa watu anafunga vifungo vya gauni lake kwa mkono wa kushoto.