Goigoi wa Nyumba Yetu

Enzi zetu pale Temeke, uvivu ulikuwa na majina chungu nzima, na kila jina lilikuwa na mwenyewe. Kaka yangu Juma alikuwa mtegeaji. Saa ya kwenda bombani na ndoo, tumbo linamuuma. Ndoo zikishajaa, tumbo limepona, yuko uwanjani anacheza chandimu. Mtoto wa jirani, aliyejua kupita kwetu kila sufuria inapoepuliwa, alikuwa mdoezi, na sahani aliwekewa vilevile. Mjomba, mdogo wake mama, alikuja mjini kutafuta kazi bandarini akaishia barazani akicheza bao. Huyo alikuwa kula kulala. Shuleni tulikuwa wazembe wote. Ukisahau fagio la chelewa au kidumu cha maji, mwalimu wa zamu hakuwa na haja ya kukuuliza jina. "Wazembe, mbele!" na miguu yenyewe ilijua pa kwenda.

Lakini neno "mvivu" mama hakumtamkia mtoto hata siku moja. "Mvivu ni mtu mzima aliyekwishaamua," alikuwa akisema, huku akimtupia jicho mjomba.

Na dada Hawa, mkubwa wetu, alikuwa goigoi. Si kwamba hakufanya kazi. Alizifanya zote, ila kwa mwendo wake. Akikaa kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani, anaokota mawe moja moja, anapuliza makapi, anaimba kidogo, anarudia upande wa pili. "We goigoi, mchele utaota mkononi!" mama anapiga kelele kutoka jikoni, na ua mzima unacheka, Hawa mwenyewe wa kwanza. Chakula cha saa saba tulikila saa tisa. Lakini wali wa nazi wa Hawa ulikuwa hauna jiwe hata la dawa, na ukoko wake sisi wadogo tuliugombea mpaka tukafinyana.

Watoto wa siku hizi nikiwaambia habari za kupeleleza binti wanadhani nawatungia. Zamani, kabla barua ya posa haijaletwa, upande wa mwanamume walimtuma mama mtu mzima apite mtaani kimyakimya, aulize bombani, aulize kwa muuza vitumbua: binti wa nyumba ile ana heshima? Kazi anaziweza? Leo wanapekua picha kwenye simu, basi, wamemaliza. Hawa alikuwa amepata mchumba, fundi cherehani, kijana mpole aliyekuwa akitoka Kinondoni mpaka Temeke kwa kisingizio cha kununua vifungo. Barua ilikuwa ije Ijumaa. Baba alishanunua mkeka mpya, na Hawa alikuwa akiimba hata akiosha masufuria.

Jumatano yake tulikuwa tunacheza rede. Nilikuwa na miaka minane, nimekwishapigwa mpira na kutolewa, nimenuna pembeni. Mama mmoja aliyevaa baibui akaniita, akanipa kashata ya karanga.

"Mwanangu, yule dada yako mkubwa, nyumbani mnamwitaje?"

"Goigoi!" nikasema, kwa furaha kabisa.

"He! Kwa nini?"

"Mama anasema mchele utaota mkononi mwake."

Akacheka, akanipapasa kichwa, akaenda zake. Mie sikuona ubaya. Kwetu neno lile lilikuwa la utani na mapenzi. Sikujua kwamba likitoka nje ya ua linageuka ushahidi. Nikala kashata yangu mpaka ikaisha.

Ijumaa barua haikuja. Jumapili akaja mshenga, mikono mitupu. Wamesema binti ni mzuri, hana baya, lakini kule kuna wazee wa kuhudumiwa, wanataka mtu mwepesi. Usiku mama alitupakulia chakula, yeye asile. Kisha akasema, "Neno hili limetoka humu humu ndani," akatutazama mmoja mmoja. Nikainamia sahani yangu. Niliogopa, nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza hata nilipokuwa mtu mzima. Mama hakumwita tena Hawa jina lile.

Kesho yake Hawa aliamka kabla ya adhana. Akafagia, akateka maji, akapika, saa sita chakula kiko mkekani. Wiki ile, kwa mara ya kwanza, nikang'ata jiwe kwenye wali wa dada yangu. Baba naye aling'ata lake. Akalitema kiganjani, akaendelea kula.

Hawa aliolewa baadaye na mtu mwingine, akazaa, akafiwa na mume, na sasa yuko Chanika kwenye nyumba yake mwenyewe. Ila kukaa hajui. Ukimtembelea unazungumza na mgongo wake. Ukimwambia, "Dada, pumzika," anajibu, "Nipumzike, halafu waseme nini?" Wasemaji wenyewe wengi tumekwishawazika.

Mwezi uliopita nilikwenda na binti yangu Rehema. Kizazi chao uvivu wanautangaza. Mtu anaandika kwenye simu kwamba leo hatoki kitandani, na wenzake wanamtumia mioyo. Sisi tungetumiwa fagio. Saa nne asubuhi Rehema bado yuko kwenye mkeka, amejifunika kanga, na mama yake mkubwa anafagia kumzunguka. Nikaona aibu, nikamkemea.

Akajinyoosha. "Mama naye! Acha nipumzike bwana, mie leo goigoi."

Fagio likasimama. Miaka yote ile hakuna aliyelitaja neno lile mbele ya Hawa. Akanitazama mimi, si Rehema.

"Jina hilo lilikuwa langu, mwanangu. Mama yako aliliuza kwa kashata."

"Ulijua?" nikauliza.

"Ulirudi na karanga mdomoni, na nyumbani hatukuwa tumenunua kashata. Ningekusema nini, mtoto mdogo?"

"Nisamehe, dada." Nilikuwa nalia.

"Nilishakusamehe zamani. Ila nimechoka, mdogo wangu."

Rehema, ambaye hakuelewa hata nusu, alijisogeza akapigapiga mkeka. "Njoo ukae hapa, mamkubwa. Tuwe magoigoi wawili." Hawa akacheka, kile kicheko chake cha uani Temeke, akakaa. Mie nikaokota fagio.

Enzi zetu nazipenda, na nitazisifu mpaka nife. Tulikuwa na adabu, tulikuwa na kazi mikononi. Lakini katika enzi hizo hizo hakuna hata mmoja wetu aliyemsogezea dada yangu mkeka, na mimi ndiye niliyekuwa na deni hilo kuliko wote.

Baadaye Hawa akaomba ungo. Ulikuwa mchele wa Rufiji, wa kutwanga, wenye mawe yake. Akaokota moja moja, akapuliza, akaimba kidogo, akarudia upande wa pili. Tulikula saa kumi, njaa imetukaba. Nilitafuna taratibu, nikilisubiri jiwe, mpaka sahani ikaisha.